Nani Aajiriwe Juba?

Katikati ya mwezi wa Septemba, mwaka 2014, waraka mmoja ulitoka katika Wizara ya Kazi ya Sudan Kusini mjini Juba, na kwa muda wa siku mbili tatu habari zake zikawa zimefika Nairobi, Kampala na Addis Ababa. Waraka huo uliyaagiza mashirika yasiyo ya serikali, makampuni ya watu binafsi, mabenki, makampuni ya bima, ya simu na ya mafuta, pamoja na mahoteli na nyumba za kulala wageni, kuwaarifu wafanyakazi wao wa kigeni kwamba ifikapo tarehe 15 Oktoba kazi zao zingekoma. Nafasi zitakazoachwa zitangazwe, na wananchi wenye sifa waajiriwe.

Siku chache tu baadaye serikali hiyo hiyo ilianza kuyatafsiri maneno yake. Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje wa wakati huo, Barnaba Marial Benjamin, alieleza kwamba hakuna mgeni aliyekuwa akifukuzwa nchini. Ikafafanuliwa kuwa kilichotakiwa ni nafasi fulani fulani ambazo mwananchi yeyote mwenye elimu ya kutosha angeweza kuzishika: maofisa wa utumishi, maofisa wa ununuzi na wa uhusiano, makatibu, na wapokea wageni wa maofisini. Walimu, madaktari na wahandisi wakaambiwa waendelee na kazi zao. Waraka ulikufa hivyo, lakini swali lililouzaa lingali hai hata leo. Nani aajiriwe Juba? Na huyo aliyekwisha kuajiriwa, awe mzalendo au mgeni, analindwa na nini?

Jibu la kisheria la maswali hayo mawili lilikuja miaka mitatu baadaye, wakati Rais Salva Kiir alipotia saini Sheria ya Kazi ya mwaka 2017. Wafanyakazi wengi na hata waajiri hawakuwa na habari zake mpaka mwaka 2018, kwa kuwa nakala zake hazikuenea upesi. Kabla ya hapo nchi hiyo, iliyopata uhuru wake tarehe 9 Julai, mwaka 2011, ilikuwa ikijikokota na sheria za kazi ilizozirithi kutoka Khartoum. Miaka sita ni muda mrefu kwa mfanyakazi kuishi chini ya sheria ya nchi ambayo si yake tena.

Ili mambo haya yaeleweke vizuri, hapana budi turudi nyuma kidogo. Watu husema kwa wepesi kwamba Msudani Kusini hana ujuzi, na kwa hiyo mgeni ni lazima. Kauli hiyo haina adabu, tena inaficha sababu. Sudan ya Kusini ilipigana vita tangu mwaka 1955 hadi Mapatano ya Addis Ababa ya mwaka 1972, ikapumua kwa miaka kumi na mmoja, kisha ikaingia vitani tena kuanzia mwaka 1983 hadi mapatano ya amani ya Januari 2005. Chuo Kikuu cha Juba, kilichoanzishwa mwaka 1975 katika kile kipindi kifupi cha utulivu, kilihamishiwa Khartoum mwaka 1989 kwa sababu ya vita. Vijana waliosoma huko walisoma kwa Kiarabu. Wenzao waliokimbilia Uganda na Kenya, wengine wakiwa watoto wadogo katika kambi ya Kakuma, walisoma kwa Kiingereza. Uhuru ulipofika, Kiingereza kikafanywa lugha rasmi, na mhasibu aliyehitimu Khartoum akajikuta hawezi kuandika barua ya kuomba kazi katika mji mkuu wa nchi yake mwenyewe. Ujuzi ulikuwapo, lugha ya kuutumia ndiyo iliyobadilishwa.

Wakati huo huo amani ya mwaka 2005 ilikuwa imefungua mlango, na majirani waliingia. Benki ya Biashara ya Kenya ilifungua tawi Juba mwaka 2006, na Equity ikafuata. Waganda walileta matofali, ndizi, mafundi seremala na bodaboda. Waeritrea na Waethiopia walijenga mahoteli kando ya mto Nile na kuendesha magari ya maji. Barabara ya Juba hadi Nimule, yenye urefu wa kilomita 192, ilipofunguliwa kwa lami mwaka 2012, safari ya kutoka mpakani ikawa ya saa chache. Mtu aendaye leo katika soko la Konyo Konyo, au kule Custom, atasikia Kiswahili, Kiganda na Kiarabu cha Juba vikichanganyika katika bei ya fungu moja la nyanya. Watu hao hawakumnyang'anya mtu kazi. Kazi zenyewe nyingi hazikuwapo kabla hawajafika. Hata hivyo kijana wa Munuki au Gudele aliyemaliza shule na kukaa bure mwaka wa tatu hawezi kuridhishwa na hoja hiyo akiona mpishi, dereva na karani wa hoteli iliyo jirani na kwao wote wametoka ng'ambo ya mpaka. Ndiyo maana mwaka 2013 serikali iliwapiga marufuku wageni kuendesha bodaboda, ukafuata ule waraka wa mwaka 2014.

Sasa tuitazame sheria yenyewe. Siku ya kazi ni saa nane, na juma ni saa arobaini. Mwajiri akimtaka mtu afanye zaidi ya hapo, atalipa ujira wa ziada ulio mkubwa kuliko ule wa kawaida. Chukulia mpishi wa hoteli aingiaye jikoni saa kumi na mbili asubuhi na kutoka saa mbili usiku. Hizo ni saa kumi na nne. Hata tukitoa saa mbili za kupumzika na kula, zinabaki kumi na mbili. Nne kati yake ni za ziada, na kwa siku tano ni saa ishirini, yaani nusu nzima ya juma jingine la kazi. Wapishi wa namna hiyo wapo wengi Juba, na aghalabu mshahara wao ni mmoja tu wa mwezi, usiohesabu saa. Mwajiri anayesema kwamba "walikubaliana hivyo" ajue kwamba mapatano yaliyo chini ya kiwango cha sheria hayamkingi. Sheria ya kazi katika nchi yoyote huwekwa kwa kuwa mwenye njaa hukubali lolote.

Sheria hiyo inatoa likizo ya mwaka yenye malipo, siku 21 kwa aliyetimiza mwaka kazini, na siku hizo huongezeka kwa kadiri mtu anavyozidi kutumika. Mama aliyejifungua ana siku 90 za likizo, na baba ana majuma mawili. Kazi za kulazimishwa ni marufuku. Kazi za hatari haziruhusiwi kwa aliye chini ya miaka 18. Kazi nyepesi zinaruhusiwa tangu miaka 12, na hapa msemaji huyu ana mashaka, kwa maana nani atakayesimama sokoni kupima uzito wa mzigo aliotwishwa mtoto wa miaka 12 na kusema huu ni mwepesi, huu si mwepesi?

Kifungu kilicho kizito kuliko vyote, kwa maoni yetu, ni kile kinachokataza ubaguzi. Sheria inakataza kumbagua mtu katika kazi kwa sababu ya kabila lake au mahali alikotoka, rangi, jinsia, ujauzito, ndoa, umri, dini, mawazo ya kisiasa, ulemavu, afya yake pamoja na hali ya virusi vya ukimwi, au uanachama wake katika chama cha wafanyakazi. Katika nchi iliyoingia tena vitani tarehe 15 Desemba, mwaka 2013, vita ambavyo vilipita nyumba kwa nyumba mjini Juba vikiuliza watu makabila yao, kuandika neno kabila katika sheria ya kazi si jambo dogo. Malalamiko makubwa ya mwombaji kazi wa kawaida Juba mara nyingi hayamhusu Mkenya wala Mganda hata kidogo. Humhusu ndugu wa mkubwa fulani, aliyepewa nafasi hata kabla tangazo halijabandikwa ukutani. Mgeni huonekana kwa urahisi, na kwa hiyo ni rahisi kumlaumu. Jamaa wa bosi haonekani.

Kuhusu mshahara wa chini, sheria haikutaja kiasi. Inaipa Wizara uwezo wa kutangaza kima cha chini, kimoja kwa wote au tofauti kwa kila aina ya kazi. Miaka ilipita baada ya kutiwa saini bila ya tangazo kama hilo kujulikana kwa wananchi. Katika nchi ambayo sarafu yake ilishushwa kutoka chini kidogo ya pauni tatu kwa dola hadi zaidi ya pauni kumi na nane kwa siku moja ya Desemba 2015, na haijaacha kuteremka tangu hapo, kuandika kiasi katika sheria kungekuwa kuandika juu ya maji. Lakini kutokuandika chochote kunamwacha kibarua bila hata kijiti cha kushika. Hapo ndipo ulipozuka mgogoro usiokwisha kati ya wafanyakazi wa makampuni na mabwana zao: je, mkataba uandikwe kwa dola au kwa pauni? Mwajiri aliyeandika kwa pauni mwaka 2015 na hakuugusa mkataba ule mpaka sasa, kwa kweli amempunguzia mtu wake mshahara kila mwaka bila kutia saini karatasi hata moja.

Tuje sasa kwa wageni. Mapema mwaka 2016, sheria ya mashirika yasiyo ya serikali ilitamka kwamba si chini ya asilimia 80 ya watumishi wa shirika, katika ngazi ya uongozi, ya kati na ya chini, wawe raia wa Sudan Kusini. Na kwa kazi yoyote ya kuajiriwa, mgeni anatakiwa kuwa na kibali. Hapo Machi 2017 ilitangazwa ada mpya ya kibali: dola 10,000 kwa wataalamu, 2,000 kwa mafundi, na 1,000 kwa vibarua. Mwezi mmoja tu ulikuwa umepita tangu njaa kubwa itangazwe rasmi katika sehemu za Jimbo la Unity, na wataalamu waliokuwa wakiombwa dola elfu kumi wengine ndio waliokuwa wakibeba chakula. Kelele zilipigwa na ada hiyo ikasimamishwa mwezi wa Aprili. Kibarua wa kufyatua tofali atapata wapi dola elfu moja kabla hajafyatua tofali la kwanza? Ada ya namna hiyo haimwondoi mgeni. Inamfanya ajifiche, akose kibali, akose mkataba, na akidhulumiwa asiende popote kulalamika. Na mwajiri mwenye tamaa humpenda sana mfanyakazi wa namna hiyo, kwa sababu hana sauti. Humchukua yeye na kumwacha mwananchi ambaye sheria inamlinda. Kwa njia hiyo ukali wa kibali humkosesha kazi yule yule uliokusudiwa kumsaidia.

Lakini kuna jambo jingine. Sudan Kusini ilitia saini Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwezi wa Aprili, mwaka 2016, mjini Dar es Salaam, na ikawa mwanachama kamili Septemba mwaka huo. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai, mwaka 2010, inasema katika kifungu chake cha kumi kwamba mfanyakazi wa nchi mwanachama anaweza kwenda nchi nyingine ya Jumuiya, kuomba kazi na kuikubali, na kwamba asibaguliwe kwa uraia wake katika kuajiriwa, katika ujira na katika masharti ya kazi. Kazi za serikali hazimo, isipokuwa nchi yenyewe ikiruhusu, na kila nchi inayo haki ya kuweka mipaka kwa ajili ya usalama na afya. Mwenye mkataba unaozidi siku 90 anatakiwa kuomba kibali kwa muda wa siku 15 za kazi, na wenye mamlaka wanatakiwa kukitoa ndani ya siku 30.

Msikilizaji makini ataona mara moja kwamba asilimia 80 na kifungu cha kumi haviwezi kulala kitanda kimoja bila kusukumana. Wanasheria watabishana kuhusu neno hili na lile. Sisi twasema tu kwamba itifaki hiyo ilitungwa na nchi tano zilizokuwa na vyuo, viwanda na vyama vya wafanyakazi tangu zamani. Ikaja kumkuta mwanachama ambaye ndiyo kwanza anarudisha wanafunzi wake madarasani. Kudai kwamba mlango ufunguliwe wote siku moja ni kudai kwamba mgonjwa akimbie pamoja na wazima.

Wala majirani hawana haki ya kunyosha kidole kirefu. Mwaka 1970 Uganda iliwarudisha kwao maelfu ya wafanyakazi wa Kenya, na miaka miwili baadaye ikawafukuza Waasia. Kenya ilitunga sheria za uhamiaji na za leseni za biashara mwaka 1967 ili kazi na maduka yashikwe na raia. Na si habari za zamani tu: mwezi wa Julai 2025 Tanzania ilitoa amri ya kuwakataza wasio raia kufanya aina 15 za biashara, zikiwamo za uwakala wa fedha kwa simu, kutengeneza simu na saluni, na malalamiko ya kwanza yalisikika kutoka Kenya. Kila nchi ya Jumuiya husifu milango wazi inapokuwa upande wa kutokea.

Wasudani Kusini nao ni wageni kwa wengine. Uganda inawahifadhi wakimbizi kutoka nchi hiyo kwa malaki, wakikaribia milioni moja, na sheria yake ya wakimbizi ya mwaka 2006 inawaruhusu kufanya kazi. Mganda anayeuza chapati Juba na Msudani Kusini anayelima shamba la kukodi Adjumani wanaishi kwa fadhila ya aina moja, ingawa hawajuani. Julai 2016, mapigano yalipozuka tena Juba, jeshi la Uganda lilituma msafara wa magari kwenda kuwachukua raia wake, na wengi waliopanda walikuwa watu wa sokoni na wa vibanda. Miezi michache baadaye baadhi yao walikuwa wamekwisha kurudi, vibanda vikafunguliwa.

Turudi kwa mwajiriwa mwenyewe, maana sheria hupimwa kwake. Watumishi wa serikali wana sheria yao ya utumishi, na serikali ndiyo mwajiri mkubwa kuliko wote nchini. Mwaka 2023 mishahara yao iliongezwa kwa asilimia 400. Wengi walishangilia. Ilipofika mwanzoni mwa mwaka 2024, bomba la mafuta linalopita Sudan lilipasuka katikati ya vita vya nchi hiyo, mapato ya serikali yakakatika, na walimu, wauguzi na makarani wakakaa miezi mingi bila malipo, achilia mbali nyongeza. Nyongeza ya asilimia 400 juu ya mshahara usiofika ni hesabu ya vitabuni. Mwalimu aliyekosa mshahara kwa miezi sita huenda kuuza mkaa, na darasa lake hubaki na nani? Serikali isiyowalipa watu wake haina mdomo mpana wa kumwambia mwenye hoteli alipe saa za ziada, na wenye hoteli wanalijua jambo hilo vizuri sana.

Chama kipo. Sheria ya vyama vya wafanyakazi ilipitishwa mwaka 2013, na Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi la Sudan Kusini limehesabiwa kuwa na wanachama wapatao 65,000, sehemu kubwa wakiwa watumishi wa umma. Mpishi tuliyemtaja, mjenzi wa nyumba, mlinzi wa usiku na msichana wa kazi za nyumbani hawamo. Wakaguzi wa kazi ni wachache mno kwa nchi kubwa namna ile, na baadhi ya barabara hazipitiki mvua zinyeshapo. Kwa hiyo malalamiko hutafuta njia nyingine. Mwaka 2021, huko Torit, vijana waliyajia juu mashirika ya misaada wakidai kwamba kazi zinagawiwa Juba na wao wa Mashariki ya Equatoria wanaachwa. Waliodaiwa kuwa wageni safari hiyo walikuwa raia wenzao.

Basi mwajiri aliye Juba, awe mwenyeji au mgeni, yampasa kuandika mkataba, kuhesabu saa, kutunza daftari la likizo na kutangaza nafasi hadharani, kwani ukaguzi ukifika hivyo ndivyo atakavyoulizwa. Mwananchi anayetafuta kazi na kukataliwa kwa kabila lake anacho kifungu cha kukishika mbele ya Wizara na mahakama. Naye mtu wa Arua, Busia au Arusha anayekwenda huko kwa mkataba, asikubali kuambiwa na dalali wa mpakani kwamba kibali ni jambo la kupangwa baadaye. Aombe mwenyewe katika zile siku 15, adai stakabadhi ya kila ada aliyolipa, na ombi likikataliwa adai sababu kwa maandishi.